Mbona Mimi Sikuandikwa?

Kila orodha ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) inaposomwa kijijini kwetu, huku ndani ya delta ya Rufiji, hakosekani mtu wa kunifuata kabla sijafika nyumbani. "Mama, mimi nina mguu mmoja, na fulani ana miguu yake miwili mizima. Mbona yeye kaandikwa na mimi sikuandikwa?" Mimi mwenyewe polio ilinipoozesha mguu wa kushoto nikiwa mtoto, natembelea magongo, na ni mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji. Swali hilo nimelijibu barazani, kisimani na ndani ya mtumbwi. Leo naliandika.

Tanzania Bara haina malipo ya kila mwezi ambayo mtu hupewa kwa kuwa na ulemavu tu. Wengi hawaliamini hilo, kwa sababu wanajua ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria ipo, na imeweka haki nyingi, lakini fedha zinazofika huku kwetu hupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulioanza mwaka 2012, na mpango huo huanza kwa kuitazama kaya. Mwenye ulemavu huonekana kupitia nyumba anayoishi.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mkutano wa kijiji unaitishwa, wananchi wanataja kaya wanazoona ni maskini kupita nyingine. Halafu waandikishaji wanapita nyumba kwa nyumba na dodoso: mko wangapi, wanaofanya kazi ni wangapi, paa ni la nini, sakafu ni ya nini, choo kikoje, mnamulika kwa nini usiku, mna kitanda, redio, mifugo. Majibu yanaingizwa kwenye kanuni ya hesabu ambayo inakadiria umaskini wa kaya, kisha majina yanarudishwa kwenye mkutano wa kijiji yathibitishwe.

Kaya ikishaingia, ndipo ulemavu unapopata uzito. Yenye mtu mzima mwenye nguvu hupangiwa ajira za muda, kuchimba mitaro au kutengeneza barabara ya kijiji, na kulipwa ujira wa siku. Isiyo na nguvu kazi hupewa ruzuku bila kudaiwa jembe. Awamu ya pili ya mpango, iliyozinduliwa mwaka 2020, iliweka pia ruzuku kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu.

Sasa mtazame jirani yangu mmoja, mvuvi wa kamba. Msimu mmoja kamba walikubali, akaezua makuti akaezeka bati. Miaka michache baadaye mamba akamchukua mkono akiwa anavuta wavu. Hawezi tena kupiga kasia wala kuvuta chochote, lakini bati bado liko juu linang'aa. Dodoso linaliona bati. Mimi nasema wazi kwamba hapo kipimo kinamdhulumu, maana lile paa ni habari ya mtu aliyekuwa na mikono miwili.

Na je, ulemavu wenyewe hupimwaje? Wengi wanadhani ni lazima daktari. Kwa mambo fulani ni kweli: kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu kwa kigezo cha ulemavu hupeleka fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Lakini katika sensa na tafiti nyingi za kaya duniani hutumika maswali mafupi sita, bila kipimo cha hospitali. Unaulizwa kama una shida ya kuona hata ukivaa miwani, kusikia hata ukitumia kifaa, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kutuliza akili, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuelewana na watu. Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa. Kwa kawaida anayejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" hata katika swali moja tu huhesabiwa ana ulemavu.

Mimi nayapenda maswali haya, kwa sababu yanauliza unachoshindwa na hayaulizi ugonjwa wako unaitwaje. Mwenye matende, ambaye watu wamezoea kumwita mgonjwa tu, anaingia. Aliyepooza upande kwa shinikizo la damu anaingia.

Ila adabu yetu ya pwani inatuponza. Nilikaa mkekani na bibi mmoja mwenye matende ya miguu yote miwili, kijana wa dodoso akaja. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." "Bibi, una shida ya kutembea?" Bibi akajibu, "Alhamdulillahi mwanangu, sina shida, tunakwenda hivyo hivyo." Kijana akaandika hakuna shida. Ikanibidi niingilie: "Bibi, mwambie mara ya mwisho ulifika lini zahanati." Akacheka, akasema hakumbuki, kwa kuwa maji yakipwa mtumbwi hukwama mbali na lazima ushuke ukanyage tope, na mguu wake ukizama kwenye tope hautoki mpaka watu wawili wauvute. Jibu likabadilishwa kuwa shida kubwa.

Hiyo ndiyo delta. Hakuna ngazi za kupanda huku, kuna tope, mizizi ya mikoko na maji ya bamvua. Mtu anayejiweza kabisa kwenye lami ya Kibiti mjini anaweza kuwa mfungwa kwenye kisiwa chetu. Sheria ya 2010 inauelewa ulemavu kuwa ni kupoteza au kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawa na wengine, kwa sababu za mwili, akili au za kijamii. Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwa mahali unapoishi. Sema kuhusu tope.

Wenye ajira rasmi wana mlango mwingine. Utingo wa lori akiumia kazini hapo Kibiti, anahusika na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 na unaochangiwa na mwajiri peke yake. Huko daktari husubiri jeraha lifike mwisho wa kupona, ndipo anakadiria ulemavu uliobaki kwa asilimia. Ukiwa hauzidi 30, hulipwa mkupuo mmoja. Ukizidi, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Mvuvi aliyepoteza mkono mtoni hana mwajiri, basi hana wa kumdai.

Inawezekana kufanya vinginevyo. Zanzibar tangu Aprili 2016 humlipa pensheni mzee aliyefika miaka 70 bila kuuliza paa lake. Kenya, ndani ya mpango wa Inua Jamii, wana fungu la watu wenye ulemavu mkubwa. Natamani na sisi tufike hapo, na nalisema kwenye kila kikao ninachoalikwa.

Kwa sasa kamati yetu hufanya linalowezekana. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia shambani, zikalala kwenye madungu kulinda ndege na nguruwe, na mkutano wa kijiji ukiitishwa wakati huo, asiyeweza kutembea ndiye wa kwanza kukosekana na wa kwanza kusahauliwa. Ndiyo maana tunapita kwa mtumbwi kabla ya mkutano, tunaandika majina, na tunamwomba mtendaji wa kijiji ayasome hata kama mwenyewe hayupo. Majina yakirudi kuthibitishwa, kuwapo au kuwakilishwa ni muhimu vilevile, maana hapo ndipo pa kusimama na kusema kaya fulani imeachwa. Usiposikilizwa, andika malalamiko kupitia mtendaji yafike kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, na umwone afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Asiyejua kuandika aje kwangu na jina lake, idadi ya watu wa nyumbani, na mambo matatu anayoshindwa kufanya tangu asubuhi mpaka jioni. Tutaandika pamoja.