Uwanja mmoja, milango miwili: kubalianeni kabla bibi hajapanda ndege

Ndugu anapokwenda kutembelea watoto walioko Basel, Uswisi, sisi wa nyumbani huuliza ndege inatua saa ngapi. Kwa uwanja wa kule swali hilo halitoshi. Uliza pia: atokee mlango gani?

EuroAirport upo wote kwenye ardhi ya Ufaransa, kilomita chache kutoka Basel, lakini unahudumia watu wa nchi tatu: Basel ya Uswisi, Mulhouse ya Ufaransa na Freiburg ya Ujerumani. Ulianza kazi Mei 1946. Ufaransa ilitoa ardhi, Uswisi ikabeba gharama ya ujenzi, na mkataba wa nchi hizo mbili ukatiwa saini Julai 1949. Kwenye tiketi unaweza kukuta herufi BSL, MLH au EAP. Usishtuke, ni uwanja uleule.

Uswisi na Ufaransa zote zimo katika Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Msafiri akipitia Amsterdam, kwa mfano, pasi hukaguliwa hukohuko. Ila Uswisi haimo katika umoja wa forodha wa Ulaya, na hapo ndipo milango inapogawanyika.

Akishachukua mizigo, mgeni wa Basel afuate kibao cha Uswisi. Nje kuna basi namba 50 la kwenda stesheni kuu ya reli, linalopita barabara maalumu ya forodha iliyozungushiwa uzio. Anayekwenda Mulhouse au Freiburg afuate kibao cha Ufaransa na Ujerumani. Mwenyeji akikosea upande akiwa na gari, kurudi upande wa pili ni mzunguko mrefu, na bibi asiyejua Kijerumani wala Kifaransa atakuwa amesimama peke yake na mabegi.

Kwa hiyo, mzazi, fanya haya mapema:

• Andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu: mlango wa kutokea, anwani, na namba ya mwenyeji ikianza na +41 kama ni ya Uswisi au +33 kama ni ya Ufaransa. Simu huzimika, karatasi haiishi chaji.

• Mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na ndugu, abebe barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

• Nyama na vyakula vya maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia, hata kama ni zawadi. Samli ya bibi ibaki nyumbani.

• Kubalianeni kwamba asiyemwona mwenzake asitoke nje. Asimame palepale mlangoni mpaka afuatwe.

Hayo mambo manne mnayamaliza kwa simu moja ya dakika tano, usiku wa kufunga mizigo.