Kwa Mama Mkwe kwa Baisikeli

Watu wengi wakisikia kwamba mume na mke wamepanda baisikeli kwenda kutembea, swali la kwanza huwa ni hili: "Kwani gari limewaharibikia?" Jirani yetu mjini Meru alituuliza hivyo hivyo Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, alipotusaidia kupakia baisikeli mbili nyuma ya pikapu yake kabla ya jua kuchomoza. Tulipomwambia kwamba tunakwenda Runyenjes, kwa mama mzazi wa mke wangu, alitikisa kichwa akacheka.

Huko Ulaya hakuna ambaye angecheka. Kila kiangazi maelfu ya wanandoa, vijana kwa wazee, hufunga mizigo kwenye karia na kufuata Mto Danube kutoka Passau, Ujerumani, hadi Vienna, Austria. Ni zaidi ya kilomita 300, lakini kwa kuwa njia inafuata kingo za mto, karibu yote ni tambarare. Mtu huenda polepole, hunywa kitu hapa, hulala pale.

Barabara ya Meru na Embu ina mito pia, tena mingi kuliko unavyoweza kuihesabu kwa vidole. Tofauti ni kwamba mito yetu inashuka kutoka Mlima Kenya kuelekea mashariki hadi Mto Tana, nayo barabara inatoka kaskazini kwenda kusini. Barabara haiifuati mito. Inaikata mmoja baada ya mwingine. Kila mto una mteremko wa kuufikia na mwinuko wa kuuacha. Mwendesha baisikeli huielewa jiografia hii kwa mapaja yake.

Kwa sababu hiyo hatukujifanya mashujaa. Kutoka Meru hadi Embu ni mwendo wa zaidi ya kilomita 120, na huo si mchezo wa watu waliopita miaka 50. Tuliamua kwamba pikapu itufikishe Chuka, kisha sisi tuendeshe takriban kilomita 40 hadi Runyenjes.

Kabla ya Nkubu tulivuka Ikweta, tukapita Igoji na njia panda ya Chogoria, ambako misheni ya Wascotland ilianzisha hospitali mwaka 1922. Mbele yake ni daraja la Nithi. Msomaji atakumbuka kwamba tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mteremko wake ni mkali na kona ni mbaya. Pale sikutaka kumwona mke wangu juu ya magurudumu mawili, na wala sioni haya kusema hivyo.

BAISIKELI YA BABA

Yafaa nieleze kwa nini safari hii ilikuwa na uzito kwetu.

Mke wangu alizaliwa na kulelewa Runyenjes. Marehemu baba yake alikuwa na baisikeli nyeusi, zile nzito tulizoziita Black Mamba. Ndiyo iliyobeba kahawa kwenda kiwandani, maziwa kwenda sokoni, na siku moja mgonjwa kwenda zahanati. Jioni mzee aliifunga kwa mnyororo na kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Kaka zake waliruhusiwa kujifunza. Yeye, kwa kuwa ni msichana, alikatazwa.

Lakini Jumapili mchana mzee alipolala, mara nyingi alisahau kufuli. Binti wa miaka 12 aliichukua baisikeli kimya kimya hadi nyuma ya migomba. Kiti hakukifikia, basi alipitisha mguu katikati ya fremu na kupiga pedali akiwa ameinama upande, kama watoto wengi walivyofanya. Alikuwa ameanza kuiweza pale shangazi yake alipomwona. Kelele zilizopigwa siku hiyo zilisikika ng'ambo ya bonde. Aliambiwa kwamba msichana anayepanda baisikeli hapati mume. Akapigwa, na baisikeli hakuigusa tena kwa miaka 35.

Mawazo ya namna hiyo hayakuwa ya kwetu pekee. Hata Marekani na Uingereza, baisikeli zilipoenea katika miaka ya 1890, wapo waliodai kwamba zingewaharibu wanawake. Mwaka 1896 mtetezi wa haki za wanawake, Susan B. Anthony, alijibu kwamba baisikeli ilikuwa imewakomboa wanawake kuliko kitu kingine chochote duniani.

Mama watoto hakuwahi kunisimulia kisa hiki hadi watoto wetu walipoondoka nyumbani. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Kwa miaka mingi mimi naye tulizungumza juu ya karo, kodi na bei ya unga. Mambo hayo yalipopungua, tukagundua kwamba hatuna la kuzungumza. Jioni moja akaniambia, "Mzee, mimi nataka kujua kuendesha baisikeli kabla sijafa." Tulianza mazoezi asubuhi za Jumapili, barabarani palipo kimya, mimi nikikimbia nyuma nimeshika kiti. Alianguka mara tano. Mara ya sita nilikiachia kiti bila kumwambia.

KUPANDA MCHONGOMA

Chuka tulinywa chai na mandazi, tukakagua breki na upepo wa magurudumu. Mji huu, uliosifika tangu zamani kwa wapiga ngoma wake, siku hizi umejaa vijana wa Chuo Kikuu cha Chuka, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Baadhi yao walitutazama kama watu waliopotea njia.

Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi, vilele vyake vikimetameta upande wa kulia. Kufikia saa nne mawingu yalikuwa yameufunika. Kando ya barabara kulikuwa na migomba, mikahawa na mimakadamia, wakulima wakipogoa na kutusalimia. Ndani ya gari huwezi kusikia salamu. Huwezi pia kunusa moshi wa kuni, samadi au ndizi zinazoiva. Njia hii nimeipita kwa matatu zaidi ya miaka 20, na ilikuwa kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma. Tulikumbuka methali hiyo kwenye bonde la Mto Thuci, unaotenganisha Tharaka Nithi na Embu. Tulishuka tukibana na kuachia breki, tukisimama pembeni kila lori liliponguruma nyuma yetu. Darajani tulipumzika, tukala ndizi na kunywa maji. Kisha ukaja mwinuko.

Mimi nilitaka kuonyesha kwamba bado nina nguvu. Baada ya mita 200 nilikuwa nimeketi juu ya jiwe, nikipumua kama fuko la mhunzi. Mke wangu alishuka tangu mwanzo, akaisukuma baisikeli yake taratibu, akanipita. "Haraka haraka," alisema bila kugeuka. Mwisho wa methali aliniachia mimi.

Karibu na Kathageri watoto walitukimbilia wakipiga mayowe: "Cucu na baisikeli! Cucu na baisikeli!" Kumwita bibi! Nilidhani atakasirika. Badala yake alipiga kengele mara tatu na kuinua mkono kama rais.

UKWENI

Mtu haendi ukweni amevaa kaptura, akitiririka jasho. Runyenjes nilinunua sukari na majani chai, nikaomba chumba kwa mwenye kioski, nikanawa na kuvaa suruali na shati lililokuwa ndani ya mfuko. Kilomita ya mwisho, ya udongo, tuliendesha polepole nisichafuke.

Mama mkwe, aliyepita miaka 80, alikuwa ameketi kivulini akichambua maharagwe. Alimtazama binti yake akishuka, kisha akaitazama baisikeli kwa muda mrefu.

"Umeiendesha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama. Kutoka Chuka."

Mzee aliinuka, akagusa kiti, akagusa usukani. Kisha akasema, "Baba yako angefurahi. Unadhani alikuwa akisahau lile kufuli?"

Mke wangu hakujibu.

"Hakusahau hata siku moja. Aliogopa maneno ya dada zake, hakuweza kukuruhusu. Basi Jumapili aliiacha wazi, akajilaza. Hakuwa akilala."

Nilichukua kikapu cha maharagwe nikakipeleka jikoni, nikawaacha wawili hao pale kivulini. Uji wa wimbi ulipoletwa, bado walikuwa wameshikana mikono.

Kesho yake, baada ya kanisa, pikapu ilitufuata. Njiani hadi Meru hatukunyamaza hata kidogo.

Msomaji, huhitaji kwenda Danube. Tafuta baisikeli mbili zenye breki nzima, hata za kuazima. Chagua miezi isiyo na mvua, ondoka mapema, vaa kofia ngumu na nguo za rangi kali, beba maji, na penye hatari panda gari au sukuma kwa miguu. Chagua mwendo ambao yule dhaifu kati yenu anauweza. Na kama nyumbani kwako kuna msichana anayeitazama baisikeli kwa jicho la tamaa, usingoje Jumapili. Mpe ufunguo.