Themostati ya Bruda: Ifungwe Wapi na Iangaliwe Vipi?



Mama mmoja jirani yetu alinunua vifaranga 80 wa siku moja. Alikuwa na balbu ya joto pamoja na themostati mpya, ile inayoonyesha digrii kwa namba nyekundu. Jioni alipokuwa akifagia, aliona ule waya mwembamba wa sensa unamsumbua, akauinua na kuuning'iniza dirishani. Usiku ule ulikuwa wa baridi. Sensa ikapima baridi ya dirishani, themostati ikaamini kwamba vifaranga wana baridi, na balbu ikawaka mpaka asubuhi bila kuzimika hata mara moja. Alipofungua mlango alikuta vifaranga wamejibana pembeni, midomo wazi, na wengi wameshakufa.

Themostati haikuwa imeharibika. Ilifanya kazi yake sawasawa, ila ilikuwa inapima dirisha badala ya vifaranga. Kwa sababu wafugaji wengi siku hizi wananunua kifaa hiki, tumeona ni vizuri tueleze jinsi kinavyofanya kazi, kinavyofungwa, na hatari zake.

Je, themostati ni nini?

Themostati ni swichi inayojiwasha na kujizima kulingana na joto. Ina sehemu tatu. Ya kwanza ni sensa, yaani ile ncha ndogo iliyo mwisho wa waya mrefu, ambayo hupima joto. Ya pili ni kisanduku chenye namba na vibonyezo, ambako wewe unaandika joto unalotaka. Ya tatu ni rilei, swichi ndogo iliyo ndani ya kisanduku. Ukisikia mlio wa "tik", hiyo ni rilei inawasha au kuzima balbu.

Katika nchi za baridi kali kama Norway na Kanada, kifaa cha aina hii hufungwa ukutani kuongoza nyaya za stima zilizozikwa chini ya sakafu ili nyumba iwe na joto. Huko sensa huzikwa sakafuni, na hapa kwetu hukaa ndani ya bruda. Lakini kanuni ni moja: themostati haijui kitu chochote isipokuwa kile inachoambiwa na sensa.

Kwa nini ujisumbue nayo?

Kifaranga mdogo hawezi kujipatia joto la kutosha mwilini mwake mpaka manyoya yaanze kuota. Akikosa joto, hujibana na wenzake, hali chakula, na walio chini hukosa hewa na kufa. Joto likizidi, hukauka maji mwilini.

Faida nyingine ni ya mfuko. Balbu ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6 za stima kwa siku. Ikiwa themostati inaizima nusu ya muda huo, utatumia uniti 3. Chukua risiti yako ya tokeni, uone uniti moja inakugharimu pesa ngapi, halafu piga hesabu ya wiki nne.

Kabla ya kununua

Soma maandishi yaliyo kwenye kisanduku chenyewe. Hakikisha yamesema volti 220 au 240, kwa maana stima ya Kenya ni ya volti 240. Kuna themostati za volti 12 na za volti 110 zinazofanana kabisa na hizo kwa sura. Ukiunganisha hizo na stima ya nyumbani zitaungua.

Tazama pia ampia za rilei. Balbu mbili za wati 250 ni wati 500, na wati 500 ukigawanya kwa volti 240 unapata ampia 2 na kidogo. Rilei ya ampia 10 itabeba mzigo huo bila shida.

Balbu za kawaida za kuokoa stima hazifai hapa, kwa sababu hutoa mwanga bila joto la maana. Tafuta balbu ya joto, pamoja na kishikio cha kauri. Kishikio cha plastiki huyeyuka kwa joto la balbu ya wati 250.

Kufunga: hatua kwa hatua

Kuunganisha nyaya ni kazi ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Kazi yako wewe ni kujua anachofanya, ili uweze kumwuliza.

1. Stima izimwe kwenye swichi kubwa kabla ya waya wowote kuguswa. Kuzima soketi peke yake hakutoshi.

2. Rilei ikate waya wenye moto, ambao mafundi huuita laivu, usiwe ule wa nyutro. Kwenye waya wa plagi, laivu ni ya rangi ya kahawia na nyutro ni ya buluu. Rilei ikikata nyutro, balbu itazimika lakini kishikio bado kitakuwa na moto, na atakayekigusa atarushwa.

3. Waya wa kijani na manjano ni waya wa ardhi. Usikatwe wala kuachwa ukining'inia. Ufungwe kwenye kofia ya bati ya balbu na kwenye kila chuma kinachoweza kuguswa.

4. Ndani ya plagi iwekwe fyuzi ya ampia 3 ikiwa balbu zako hazizidi wati 500. Fyuzi ya ampia 13 itachelewa kukatika hata waya mwembamba ukipata moto.

5. Soketi ya bruda ilindwe na swichi inayokata stima inapovuja, ya miliampia 30. Hii ndiyo huokoa mtu akigusa waya uliochubuka. Banda lina maji, vumbi na panya, kwa hiyo usiihesabu kuwa anasa.

6. Kisanduku cha themostati kifungwe ukutani nje ya bruda, mahali pakavu, mbali na mikono ya watoto. Skrubu zilizo nyuma yake zifunikwe zote.

7. Balbu ining'inizwe kwa mnyororo, sentimita 45 hadi 60 kutoka kwenye maranda. Usiitundike kwa waya wake wa stima wala kwa kamba ya sisali. Ikidondoka kwenye maranda makavu, moto hauchelewi.

Sensa ikae wapi?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Sensa ikae pale vifaranga wanapoishi, kwenye kimo cha mgongo wao, kama sentimita 5 juu ya maranda. Isiwe moja kwa moja chini ya balbu, kwa sababu itapata moto haraka na kuzima balbu kabla vifaranga hawajapata joto. Isiwe ukutani wala karibu na mlango. Iweke kwenye ukingo wa duara la joto.

Izungushie wavu mdogo ili vifaranga wasiidonoe wala kuilalia. Wakiilalia itapima joto la miili yao na kuzima balbu, na wenzao watapata baridi. Waya wake ufungwe imara kwenye kigingi ili usivutwe na mtu anayefagia. Kila wiki inua sensa kidogo vifaranga wanapokua, na uhakikishe haijafunikwa na maranda.

Kuweka joto

Wiki ya kwanza: digrii 33 hadi 35
Wiki ya pili: digrii 30 hadi 32
Wiki ya tatu: digrii 27 hadi 29
Wiki ya nne: digrii 24 hadi 26
Wiki ya tano: digrii 21 hadi 23

Themostati huuliza pia tofauti ya kuwaka na kuzima. Weka digrii 1. Ukiandika digrii 34, balbu itazimika ikifika 34 na kuwaka tena ikishuka hadi 33.

Angalia sana jambo hili: themostati nyingi zinaweza kuongoza joto au baridi, kwa mfano friji. Hakikisha yako imewekwa upande wa joto. Ikiwa upande wa baridi, itawasha balbu wakati banda limeshapata moto, na haitaizima.

Ijaribu kabla vifaranga hawajafika

Washa bruda siku moja nzima kabla. Kisha chukua chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na uilaze karibu na sensa. Namba zitapanda, na balbu izimike. Ondoa chupa, ngoja ipoe, na balbu iwake. Ikishindwa kufanya hivyo, usilete vifaranga. Weka pia kipimajoto cha kawaida kando ya sensa na ulinganishe namba. Zikitofautiana kwa zaidi ya digrii moja au mbili, mwite fundi.

Usiiamini peke yake

Themostati ni msaidizi, siyo mlinzi. Rilei inaweza kuganda ikiwa imewasha, na hapo balbu itawaka hata kama namba zinasema digrii 45. Kwa hiyo angalia vifaranga wenyewe. Wakijibana chini ya balbu wakilia, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, mabawa wazi na wakihema, joto limezidi. Wakijikusanya upande mmoja tu, kuna upepo unaingia. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wakilala, joto ni sawa. Wapitie usiku kabla ya kulala, na tena alfajiri.

Wenye vifaranga wengi wanaweza kumwomba fundi afunge themostati ya pili mbele ya ile ya kwanza, na kuiweka digrii 40. Ya kwanza ikiganda, ya pili itakata. Tena ni afadhali balbu mbili ndogo kuliko moja kubwa. Moja ikiungua usiku, nyingine itawasaidia vifaranga mpaka kuche.

Stima ikipotea

Usikimbilie kuingiza jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksaidi, huua vifaranga na watu pia. Jaza maji moto kwenye mitungi ya plastiki, ifunge kwa magunia, na uiweke katikati ya vifaranga. Stima ikirudi, soma namba za themostati uone kama bado ni zile ulizoweka.

Mambo ya kukumbuka

- Magunia, karatasi na plastiki visikaribie balbu.
- Usirushe maji karibu na balbu yenye moto, kioo hupasuka.
- Waya wa kuongezea usiuache umekunjwa mviringo, hupata moto.
- Chomoa plagi kabla ya kusafisha au kubadilisha balbu.
- Ukimaliza kufagia, tazama sensa iko wapi kabla hujafunga mlango.

Yule mama jirani yetu ameanza tena na vifaranga 50. Themostati ni ile ile. Lililobadilika ni kwamba sasa sensa imefungwa kwenye kigingi, na watoto wake wote wanajua kwamba ule waya hausogezwi. Tahadhari kabla ya hatari.