Shahamu ya Viwanda vya Ngozi Yaweza Kuwa Dizeli

Mji wa Modjo, ulioko kiasi cha kilomita 70 kusini-mashariki ya Addis Ababa, ni njia panda. Malori yatokayo bandari ya Djibouti na shehena za mafuta hupita hapo kuelekea mji mkuu wa Ethiopia, na barabara iendayo Moyale, mpakani mwa Kenya, huchepuka hapo hapo. Ethiopia haina pwani, na dizeli yake huinunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Kandokando ya njia hiyo vipo viwanda vya ngozi, na katika taka zake mna kitu kiwezacho kuendesha injini ya lori.

Askari avaaye buti huvaa sehemu ndogo tu ya ngozi iliyoingia kiwandani. Tani moja ya ngozi mbichi iliyotiwa chumvi hutoa kilo 200 hadi 250 hivi za ngozi iliyo tayari. Miongoni mwa masalio ni minofu na shahamu inayokwanguliwa upande wa ndani wa ngozi. Ikitupwa huoza, na mvua huisukuma mtoni. Mto Modjo huelekea bwawa la Koka, kwenye mto Awash, ambako watu hunywesha mifugo na kumwagilia mboga.

Masalio hayo hupashwa moto hadi shahamu ijitenge. Ikiwa ngozi ilikwisha kulowekwa katika chokaa, sehemu ya shahamu huwa imegeuka sabuni, na hulazimu kutiwa asidi ili irudi kuwa mafuta. Iliyokaa siku nyingi huchacha; hiyo hutiwa kwanza methanoli na asidi ya salfa, ndipo ije zamu ya methanoli na soda kali. Mchanganyiko ukitulia, gliserini hukaa chini na dizeli huelea juu. Kilo 100 za shahamu safi na kilo 10 hivi za methanoli hutoa karibu kilo 100 za dizeli. Watafiti wa India na wa Ethiopia wenyewe wamekwisha kulijaribu jambo hili katika maabara.

Dereva asidhani kwamba shahamu iliyoyeyushwa yaweza kumiminwa tangini. Itaganda, itaziba chujio, na gari litabaki njiani. Hata dizeli yake iliyokamilika huganda mapema kuliko ile ya kawaida, na usiku wa nyanda za juu za Ethiopia ni wa baridi. Ndiyo sababu huchanganywa, mathalani sehemu 20 katika 100. Fadhila yake kwa bohari ya kikosi ni kwamba haishiki moto upesi. Methanoli, kinyume chake, huwaka upesi, tena ni sumu ipofushayo macho. Kazi hii si ya sufuria uani.

Msururu wa malori ya Djibouti hautapungua kwa sababu ya shahamu ya Modjo. Taka hizo ni chache mno mbele ya mahitaji ya nchi nzima. Methanoli nayo ina gharama yake, ingawa spiriti ya viwanda vya sukari vya Finchaa na Metehara yaweza kushika nafasi yake, kwa taabu zaidi ya kuitenga gliserini. Lakini kiwanda cha ngozi chenye jenereta chaweza kuichoma dizeli hiyo papo hapo, bila kungoja lori, na shahamu iliyopita katika jenereta haitafika Koka.