SOMO LA REDIO: GARI LA KIOONI NA GARI LA BARABARANI

Mwalimu wa kikundi, tafadhali hakikisha kila mtu amepata karatasi yake. Wekeni kidole chini ya mstari huu, tusome pamoja, polepole.

Leo tutazungumza juu ya michezo ya mbio za magari, ile ambayo vijana huicheza kwa kompyuta au kwa simu, na ambayo wao huiita gemu. Pengine nyumbani kwako yuko kijana anayeicheza. Siku moja anakuambia, "Baba, mimi najua kuendesha. Nipe ufunguo wa gari." Je, utamjibu nini? Usimcheke, wala usimpe ufunguo upesi. Katika maneno yake umo ukweli, na umo upungufu. Na tuvitenge viwili hivyo.

1. GARI HUSHIKA BARABARA KWA NINI?

Gari dogo huweza kuwa na uzito wa kilo 1,000 au zaidi. Lakini hugusa barabara mahali panne tu, yaani chini ya kila tairi. Kila mahali hapo ni padogo, karibu sawa na kiganja cha mkono. Kuondoka, kusimama na kukata kona, yote matatu hutegemea mshiko wa viganja hivyo vinne.

Mshiko huo una kiasi chake. Ni kama fedha uliyokwenda nayo sokoni. Ukiitumia yote kwa unga, haibaki ya mboga. Vivyo hivyo, dereva akiutumia mshiko wote kwa breki, haubaki wa kukatia kona. Huzungusha usukani, lakini gari halitii. Huenda moja kwa moja mpaka mtaroni. Ndiyo maana dereva mwenye akili hupunguza mwendo kabla ya kufika kwenye kona.

Tena, uzito wa gari hautulii mahali pamoja. Je, mmepata kusimama ndani ya basi? Dereva akikanyaga breki ghafula, abiria wote huinama mbele. Gari nalo hufanya hivyo. Uzito hukimbilia matairi ya mbele, na matairi ya nyuma huwa mepesi. Tairi jepesi halishiki sana, basi nyuma ya gari huweza kuteleza.

2. MCHEZO HUIGAJE MAMBO HAYA?

Michezo ya zamani haikuyajali sana. Mwaka 1986 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo uitwao OutRun. Gari lake lilikuwa na gia mbili tu. Likigonga kitu kwa nguvu hubingirika, na baada ya kitambo kidogo huwa zima tena, na safari huendelea. Ulikuwa mchezo wa kuwafurahisha watu, si wa kufundisha udereva.

Mwaka 1997 ukatoka mchezo mwingine wa Japani, Gran Turismo, ulioongozwa na Kazunori Yamauchi. Humo magari yalipewa majina ya magari ya kweli, na kila gari likapewa tabia yake. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halikukata kona sawa na lile linalovutwa na magurudumu ya mbele.

Kompyuta hufanyaje kazi hiyo? Hufanya hesabu. Hujiuliza: Tairi hili limebeba uzito gani? Linaelekea wapi? Limebakiwa na mshiko kiasi gani? Ikishapata jibu, hulisogeza gari kidogo sana, kisha huanza hesabu upya. Katika mchezo wa iRacing, ulioanza mwaka 2008, hesabu hiyo hufanywa mara 360 katika kila sekunde moja. Wenye mchezo huo pia huenda kwenye viwanja vya mbio na kuvipima kwa mwanga wa leza, ili kila tuta dogo lionekane mahali pake.

Tena wako wachezaji wanaofunga usukani mezani. Ndani ya usukani huo mna mota inayovuta mikono, kama usukani wa gari la kweli uvutavyo. Matairi ya mbele yakianza kupoteza mshiko, usukani huwa mwepesi, na mchezaji hutambua.

Lami haibadiliki upesi, kwa hiyo yafaa kupimwa. Udongo ni taabu zaidi. Mwaka 2023 ulitoka mchezo wa EA Sports WRC, na humo zimo njia za Safari Rally ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Lakini vumbi na tope hubadilika kila gari linapopita. Kuhesabu mshiko wa tope ni kazi ngumu kuliko kuhesabu mshiko wa lami.

3. JE, MCHEZAJI HUWEZA KUWA DEREVA?

Naam, huweza. Mwaka 2008 kampuni za Nissan na Sony zilianza mashindano yaliyoitwa GT Academy. Wachezaji wa Gran Turismo walishindana kiooni, na waliofaulu wakajaribiwa katika magari ya kweli. Mshindi wa kwanza alikuwa Lucas Ordóñez wa Hispania. Mwaka 2011 alishindana katika mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa, na timu yake ikapata nafasi ya pili katika daraja lake. Mshindi mwingine, Jann Mardenborough wa Uingereza, alipata nafasi ya tatu katika daraja lake huko huko mwaka 2013.

Lakini tusiruke neno moja. Watu hawa hawakutoka mezani wakaingia mbioni siku ile ile. Kwanza walifundishwa ndani ya magari ya kweli, na walimu wa kweli. Mchezo uliwapa msingi, haukuwajengea nyumba nzima.

4. MAMBO YASIYOKUWAMO KIOONI

La kwanza ni mwili. Katika gari la kweli, nyuma ikianza kuteleza, dereva huhisi mgongoni na kwenye kiti. Mchezaji aliye mezani huona kwa macho, husikia kwa masikio, huhisi kwa mikono, lakini kiti chake kimetulia.

La pili ni hofu. Kiooni, ukianguka, wabonyeza kitufe na kuanza tena. Mwezi wa Machi mwaka 2015, huko Nürburgring, Ujerumani, gari la Mardenborough liliinuka hewani penye mwinuko wa barabara, likaruka uzio, na mtazamaji mmoja akafa. Hatusemi haya ili kumlaumu dereva. Twasema ili mkumbuke kwamba barabarani hakuna kitufe cha kuanza tena.

La tatu ni watu. Fanyeni hesabu hii. Mwendo ukiwa mara mbili, nafasi ya kusimamia kwa breki huwa mara nne. Gari likihitaji mita 13 kusimama kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa, litahitaji mita ngapi kutoka mwendo wa kilomita 100? Zidisheni 13 kwa 4. Ndiyo, mita 52. Mchezo mzuri huhesabu vivyo hivyo. Lakini katika mita hizo 52 za uwanja wa mbio hapiti mtoto anayetoka shule, wala mama mwenye ndoo kichwani, wala mtu wa baiskeli asiye na taa. Katika barabara yetu wote hao hupita.

5. JIBU LA KUMPA KIJANA

Basi mwambie kijana hivi: "Mwanangu, umejifunza jambo la kweli. Wajua kutazama mbele, wajua kupunguza mwendo kabla ya kona, wajua kwamba tairi lina kikomo. Lakini hujajifunza watu. Nenda kwa mwalimu wa udereva, upate leseni, kisha uje tuzungumze habari za ufunguo."

MAZOEZI

1. Tia maji nusu katika chupa, uifunge, uilaze mezani. Isukume mbele, kisha uisimamishe ghafula. Maji yamekimbilia upande gani? Mweleze mwenzako jambo hilo lafanana na nini katika gari.
2. Gari hugusa barabara mahali pangapi?
3. Taja mambo matatu yasiyokuwamo katika mchezo.
4. Andika sentensi mbili za kumwambia kijana anayetaka ufunguo.

Someni tena karatasi hii nyumbani, na msomeeni asiyejua kusoma. Tutakutana juma lijalo. Kwaherini.