Majina ya Maji Yaliyoganda: Theluji, Barafu na Mvua ya Mawe

Huko Roret, katika nchi ya chai ya Kericho, si jambo geni ardhi kugeuka nyeupe alasiri kwa muda wa dakika chache. Vitabu vya elimu ya hewa huitaja Kericho miongoni mwa mahali panapoangukiwa na mvua ya mawe mara nyingi kupita kwingine duniani. Hesabu inayorudiwarudiwa ni siku 132 kwa mwaka. Upepo wenye unyevu utokao Ziwa Viktoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nyanda za juu, hewa hupaa kwa nguvu, na matone hugandia huko huko juu. Mwaka 1982 R. C. Schnell na mwenziwe walieleza kwamba hata majani ya chai yanayooza chini ya miche hutoa viini ambavyo maji huanza kugandia.

Kwa jambo hilo Kiswahili kina jina la wazi, mvua ya mawe. Taabu huanza katika majina jirani. Neno barafu limetoka katika Kiajemi, ambamo barf ni theluji. Waswahili wamelifanya kuwa jina la maji yaliyoganda yakawa magumu. Theluji nayo imetoka katika thalj ya Kiarabu, ambayo hubeba theluji na barafu pamoja. Hivyo asili ya maneno yote mawili ina maana zisizolingana kabisa na tunazoyapa sasa, na mpaka uliopo kati yake umewekwa na wenyeji wenyewe. Haikuwa kazi rahisi kwa watu wasioiona theluji. Johannes Rebmann alipokiona kilele cha Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, kiongozi wake alikiita kile cheupe baridi tu.

Mpaka huo ungali unatetereka. Septemba 2008 mawe ya mvua yalitanda karibu na Nyahururu yakashikamana, na wengi wakasema kwamba theluji imeanguka. Kosa hilo halikumdhuru mtu. Lakini mkulima wa chai ana jina la tatu la kuchunga, nalo ni sakitu (wengine husema jalidi). Mvua ya mawe huja na mawingu na kuchanachana majani; sakitu huja usiku mkavu, anga ikiwa wazi na upepo umetulia, hewa baridi ikatuama mabondeni na kuunguza machipukizi, kama ilivyotokea Januari 2012. Tangazo linalosema tu kwamba barafu inatarajiwa halimwambii mkulima aangalie mawingu ya alasiri au bonde la alfajiri.

Upungufu mkubwa zaidi uko katika neno maporomoko. Kwa wengi ni maji yaangukayo, kama yale ya Nyahururu yanayotazamwa na watalii. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 40 Pokot Magharibi. Neno ni lile lile, na kinacholitenganisha ni kijalizo chake. Kukiacha kijalizo katika onyo ni uzembe.

Kwa theluji, basi, yafaa kusema poromoko la theluji, na si maporomoko peke yake. Jambo lenyewe latokana na matabaka: theluji mpya iliyoshikamana hulala juu ya tabaka la chembe dhaifu, na mteremko ukiwa wa nyuzi 30 hadi 45 hivi, uzito wa mtu mmoja waweza kulikata tabaka la juu likateleza lote. Tabaka, chembe, kushikamana, kuteleza: maneno yote haya yapo, wala hapana haja ya kuazima.

Ila kijalizo mawe kinataka uangalifu. Januari 2006 wapandaji watatu kutoka Marekani waliuawa upande wa magharibi wa Kilimanjaro na mawe ya mwamba yaliyoporomoka kutoka juu. Habari hiyo ikiandikwa kwamba waliangukiwa na mawe mlimani, msomaji wa Roret ana haki ya kuielewa vingine.