Tulipokula Hotelini na Waume Zetu

Ziko sehemu mjini Arusha ambazo sisi akina mama wa vijiji vya Meru tunazipita kila wiki bila hata kugeuza shingo. Tunashuka na daladala kutoka Tengeru au Usa River tukiwa na ndizi na maziwa yetu, tunauza, tunanunua sabuni na madaftari ya watoto, tunarudi nyumbani. Zile hoteli zenye vioo, bustani na walinzi getini tunajua ni za watalii na za wanaume wenye mikutano. Ukituuliza kwa nini hatuingii, tutakujibu kwamba ni ghali. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Tunaogopa pia kuaibika.

Mwaka jana wanawake sita wa kikundi chetu cha kanisa tuliamua kuivunja hofu hiyo. Kila Jumatano baada ya maombi kila mmoja aliweka shilingi 2,000 kwenye kibubu. Kwa majuma 50 tukapata shilingi 600,000, yaani 50,000 kwa kila mtu, sisi na waume zetu. Waume hatukuwaambia mengi. Tuliwaomba tu wavae vizuri.

Mahali tulipopachagua ni hoteli ya chakula yenye mtindo wa Kimarekani, tena yenye baa. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mwenzetu mmoja, mke wa mzee wa kanisa, alisema yeye hawezi kuonekana ameketi mbele ya chupa za pombe. Mwingine akamkumbusha karamu ya Lawi katika Injili ya Luka, sura ya 5, na watu walioketi mezani siku ile pamoja na Bwana wetu. Tulibishana majuma mawili. Mwishowe tuliomba meza ya bustanini, mbali na kaunta, naye akakubali kuja. (Tulipofika, mumewe ndiye aliyekwenda kuziangalia zile chupa kwa karibu, eti kusoma majina ya nchi zilikotoka.)

Wageni si kitu kipya Arusha. Hoteli ya Arusha, ile iliyo jirani na Mnara wa Saa, inahesabu historia yake tangu 1894. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, aliyoigiza John Wayne, na picha zake nyingi zilipigwa huku kwetu, hata Momella chini ya Mlima Meru. Halafu ikaja Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufanya kazi hapa mjini hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Majaji, mawakili na makarani wa mataifa mengi waliishi nasi miaka yote hiyo, na watu wa namna hiyo hutaka kula walivyozoea. Ndiyo maana leo mtu anaweza kupata steki na baga umbali mfupi tu kutoka panapouzwa mahindi ya kuchoma.

Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu na maneno yake mageni. Tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba asiyejua aulize, na yule mhudumu, kijana mwenye adabu, hakuchoka kujibu. Tuliona chakula kimoja cha shilingi 18,000 tukamwomba atueleze. Akasema ni mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja kwa siagi, chakula cha asili cha wenyeji wa Marekani. Tulitazamana. Makande! Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Lakini kijana alikuwa sahihi. Mahindi na maharage haya yetu asili yake ni bara la Amerika, na wenyeji wa huko walikuwa wakiyapika pamoja kabla Mzungu hajafika. Tunayoyaita makande ya kwetu ni kilimo cha babu zao na mapishi ya bibi zetu.

Swali lililotupa shida lilihusu nyama: iive kiasi gani? Wamarekani wengi hupenda steki yenye wekundu ndani. Hapa sisi tulio wauguzi tuliingilia kati. Pande zima la nyama huwa na vijidudu zaidi upande wa nje, ambako moto hufika kwanza. Nyama ya kusaga ni jambo lingine, kwa sababu kilichokuwa nje kimechanganywa na cha ndani. Mwaka 1993 huko huko Marekani mamia ya watu waliugua kwa kula baga ambazo hazikuiva sawasawa, na watoto wanne walikufa. Wataalamu wao wanataka baga ifikie nyuzi joto 71 katikati. Basi ukiagiza baga, hasa ya mtoto au ya mama mjamzito, sema iive kabisa, wala usione haya. Steki pia kwa huku kwetu, ambako kuna minyoo ya tegu, ni afadhali iive.

Tulikuwa tukiyazungumza hayo mhudumu alipofika kwa mume wa mwenzetu mmoja. Akainama kidogo, akasema kwa furaha, "Shikamoo mzee, karibu tena. Nikuletee ile ya siku zote?"

Meza nzima ilinyamaza. Mzee aliangalia kitambaa cha meza. Mkewe hakufoka. Aliiweka chini orodha yake, akauliza kwa sauti ya upole, "Ile ya siku zote ni ipi, mwanangu?" Kijana, bila kujua alichokuwa akikifungua, akajibu: mbavu za nguruwe zenye sosi tamu, viazi vya kukaanga, na bia mbili baridi.

Mama na mzee huyu wameturuhusu tuandike habari hii ili mradi majina yasitajwe. Mzee ana kisukari. Miongoni mwetu wapo waliokuwa wakimpima kliniki, na kwa miezi minane sukari yake haikushuka. Sisi wauguzi tulifanya nini? Tulimwita mama. Tulimwuliza anampikia nini mumewe, tukamwambia apunguze mafuta, tukamwambia ajitahidi zaidi. Naye alijitahidi. Alibadili unga akasaga dona, akapanda mchicha na mnafu nyuma ya nyumba, akaondoa sukari nyumbani kabisa. Watoto wanne walikunywa chai kavu kwa ajili ya baba yao. Kila aliporudi kliniki tulimtazama kama mtu anayeficha kitu, kumbe wa kuulizwa alikuwa ameketi kando yake akishika kofia.

Usiku ule hawakugombana mbele yetu. Mzee alikula samaki, mkewe akala makande ya Kimarekani, wakatuaga mapema. Yaliyosemwa nyumbani tulisimuliwa baadaye. Kazi ya mzee ni ukandarasi, na wateja wake hupenda kuzungumzia kazi mezani, tena wao ndio hulipa. Mara mbili au tatu kwa juma alikuwa akila hotelini, si hapo tu. Hakuwahi kumwambia mteja hata mmoja kwamba ana kisukari. Aliogopa wakijua ni mgonjwa watampa kazi mtu mwingine. Kwa hiyo alikula walichokula na kunywa walichokunywa, akirudi nyumbani anakula na mnafu wa mama, ili asimvunje moyo.

Tulimkasirikia kwanza, halafu tukajikasirikia wenyewe. Pale kliniki hatukuwahi kumwuliza yeye mwenyewe: jana mchana ulikula wapi, na nani alilipa? Siku hizi tunauliza.

Hatukumkataza hoteli, maana riziki yake iko huko. Tulikaa naye na mkewe tukaeleza. Sosi ile ya mbavu ina sukari nyingi, basi iletwe kando kwenye kibakuli au isiletwe kabisa. Viazi vya kukaanga anaweza kuomba vibadilishwe kwa mboga za majani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo nyama au samaki, robo wanga. Sahani za namna ile ni kubwa kuliko tumbo la mtu, kwa hiyo nyingine ifungwe ipelekwe nyumbani, na hilo si aibu, hata wageni hufanya. Chumvi nayo huwa nyingi katika vyakula vya hoteli, na kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Kuhusu bia tulisema waziwazi, na si kwa sababu ya kanisa tu: pombe pamoja na baadhi ya dawa za kisukari inaweza kushusha sukari ghafla hadi mtu akazimia, hasa akiwa hajala. Maji yenye ndimu na barafu hukaa kwenye glasi ndefu, wala mteja haoni tofauti.

Bili yetu? Ilizidi kidogo, kwa sababu hatukusoma maandishi madogo chini ya orodha: kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ilikuwa haijajumlishwa. Waume walitoa mifukoni. Mwulize mhudumu kabla hujaagiza. Visu na uma havikutusumbua hata kidogo. Unaanza na vya nje, na ukikosea hakuna anayekuhesabia.

Miezi mitatu baadaye wale wawili walirudi peke yao, kwa fedha ya mzee mwenyewe. Sukari ilikuwa imeanza kushuka, na chai ya watoto imerudishiwa sukari kidogo. Yule kijana aliwakuta, akaamkia, akasita. Safari hii hakutaja ya siku zote. Mzee alimtazama mkewe, kisha akasema waletewe samaki wa kuchoma na sahani moja ya yale makande, wagawane.